Kengele Ziko Wimbo wa Ngapi?

Katika Kariakoo yote, kuanzia Msimbazi mpaka Mtaa wa Kongo, hakuna mteja aliyewahi kunirudishia flashi akilalamika. Miaka tisa naingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, taarabu, singeli, kaswida, kwaya, na sijawahi kukosea hata wimbo mmoja. Siri yangu ni usafi. Wenzangu wanamrundikia mteja mafaili yenye namba na takataka mbele ya majina. Mimi nafuta namba zote, nabakiza jina la wimbo peke yake, linasomeka kwenye redio ya gari kama jina la bwana harusi kwenye kadi. Naitwa Anuari. Ukifika uliza, utaonyeshwa.

Sasa sikiliza habari ya Pius na Zarna. Usiniulize nimejuaje waliyoambiana kwenye simu. Kariakoo kuta zina masikio, na mimi ndiye ninayeyauzia spika.

Ilikuwa Jumatano, jua linakaanga mabati. Zarna alisimama mbele ya meza yangu, kurta ya rangi ya ndimu, jinzi, msuko mmoja mnene unaofika kiunoni, na kikuku cha fedha mguuni kinacholia kidogo kila akibadilisha mguu. Baba yake, mzee Ghanshyam, anauza cherehani Mtaa wa Uhuru. Wiki mbili kabla, Zarna aliniletea flashi ya kaka yake Utsav, aliyehamia Leicester, nikamhamishia nyimbo zote kwenye memori kadi. Nilimsafishia vizuri. Siku hiyo alitaka spika ndogo, na mimi siuzi spika bila kuijaribu, nikachomeka kadi yake mwenyewe.

Kikatoka kinanda kinachopanda ngazi na kushuka, ngoma inayohesabu saba badala ya nne, halafu mwanamume akaimba lugha ambayo hata shetani angeomba mkalimani.

"Anuari," akasema da Hajira, anayepika chai na chapati pembeni yangu, "huo muziki, au mtu anatafuta kifuniko kwenye kabati la vyombo?"

Kijana mmoja alikuwa anapita na shokapu mbili za gari begani, za mtumba, anazipeleka Gerezani anakouzia spea. Akasimama ghafla, mwenye mkokoteni nyuma yake nusura amkwangue.

"Oya! Barabara ya baba yako?"

Hakumsikia. Ovaroli lake lilikuwa la bluu zamani, sasa la oili, lakini uso ulikuwa msafi na macho makubwa ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye nchi ya ugenini.

"Dada, samahani. Hiyo ni bendi ya Talvikello."

Zarna akamkagua kuanzia viatu. "Wewe umeijulia wapi Talvikello?"

"Masasi. Baba alikuwa dereva wa mradi wa maji wa Wafini. Walipoondoka wakamwachia redio na sanduku la kaseti. Wenzangu walikua na bongofleva, mimi nikakua na hawa."

"Uongo."

"Hiyo ni Mto Uliogeuka. Nyimbo nane. Ila mtu mgeni humwanzishii hiyo, atakimbia. Unampa kwanza Mnara wa Chumvi, akizoee kinanda."

Majina ya albamu nimeyaweka Kiswahili mwenyewe. Ukiyasoma kwa Kifini utang'ata ulimi unidai hospitali.

"Mnara wa Chumvi!" Zarna akacheka. "Ile ya watoto? Wimbo mrefu kuliko wote una dakika sita. Mgeni anapewa Saa ya Baridi, azame au aogelee."

"Dakika ishirini na mbili, kumi kati yake jamaa anakuna gitaa kama ana upele!"

"Wee! Usiguse Saa ya Baridi. Tutagombana na bado sijakujua jina."

"Pius."

"Mimi Zarna. Haya, Pius, shusha hizo shokapu tugombane vizuri."

Aliposhusha, da Hajira akanikonyeza. Nami nikaiacha spika iendelee, ingawa betri ni yangu.

Walipendana hivyo, kwa ubishi. Mchana, duka la cherehani likitulia, Zarna alijibanza nyuma ya maboksi akampigia Pius simu.

"Fundi, nimesikiliza tena Mnara wa Chumvi."

"Enhe?"

"Upande wa pili hauna kosa. Usivimbe kichwa."

"Kimeshavimba, laazizi, kofia haiingii. Na mimi nimeirudia Saa ya Baridi. Zile dakika kumi za upele... basi nilivumilia nane."

"Bado mbili uwe mwanadamu."

Wakipata nafasi walitembea mjini, kila mmoja na spika moja ya sikioni, wakigawana nyimbo za Mto Uliogeuka kama watu wanaogawana viwanja. Ule wa ngoma kavu ukawa Faya, mbele ya zimamoto. Ule wa filimbi ukawa kituo cha mwendokasi Gerezani, kwa sababu ya treni zinazopiga filimbi kwenye reli ya jirani. Ule wa kengele ukawa Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Hawakuwahi kusema "tukutane mahali fulani." Walisema "leo kengele," "kesho filimbi." Maneno ya nyimbo hawakuyaelewa, ila walikubaliana ni habari ya mtu na mpenziwe waliokaa ng'ambo mbili za mto. Ugomvi ulikuwa mwisho wake.

"Wanakutana," alisema Zarna mbele ya meza yangu. "Mwisho kabisa kengele zinalia, halafu ule wimbo mfupi wa furaha. Harusi hiyo."

"Kengele ziko katikati, mama. Mwisho ni filimbi, halafu yule mzee anaimba peke yake. Hawakutani."

"Ulikuwa unasinzia."

"Wewe ndiye umesikiliza ukiwa unahesabu sindano za baba yako."

Wakacheka. Nikacheka nao. Chapati ikagawanywa vipande vitatu.

Usidhani hawakujua mwisho wao. Pius alijua kwamba mzee Ghanshyam humsalimia vizuri sana muuza spea akija kama mteja, na asingempa hata kiti akija kama mkwe. Zarna alijua zaidi. Kila jioni mama yake, mama Shobhana, aliwasha ubani mbele ya miungu, akataja jina la kijana wa Leicester kama mtu anayezoesha ulimi. Walikuwa kama watu wanaokula embe la mwisho la msimu: taratibu, wakinyonya mpaka kokwa, wala hawaulizi kuna lingine.

Siku moja mama Shobhana akasoma ujumbe kwenye simu ya bintiye.

"'Kengele, saa kumi.' Kengele gani hii? Hekaluni kengele inalia jioni."

"Ni muziki, mama."

"Muziki una saa?"

Kuanzia hapo simu ikawa mikononi mwa Charmi, mdogo wake Zarna, mtoto wa miaka kumi na minne mwenye roho ya askari magereza. Zarna aliruhusiwa kuitazama mara moja kwa siku. Akaazima simu ya mteja, akampigia Pius mara ya mwisho.

"Jumapili napelekwa Leicester. Wamekubaliana."

Pius akaibana simu sikioni. "Na wewe umekubali?"

"Ningekubali ningekupigia? Nipe siku kabla ya Jumapili. Nitakuja na mkoba mmoja, bila simu. Usiandike neno, Charmi anasoma. Tuma namba ya wimbo tu, ya Mto Uliogeuka, na saa."

"Shangazi Scholastika yuko Mbagala. Tutalala kwake, asubuhi tunapanda basi la Masasi. Padri wa kwetu ananijua."

"Baba hatanisamehe."

"Najua."

"Nasema ujue unachochukua. Nikitoka pale, sirudi. Sasa nisikilize, Fundi. Nikifika na wewe haupo, nitajua umefikiri vizuri. Nitarudi nyumbani na sitakuuliza kitu."

"Na usipotokea, sitakuja dukani kwenu kupiga kelele. Nitajua."

Hivyo ndivyo wenye mapenzi ya heshima wanavyojichimbia kaburi: kila mmoja alimpa mwenzake ruhusa ya kuondoka, na hakuna aliyejipa ruhusa ya kuuliza.

Ijumaa asubuhi ujumbe ukaingia: "7. Saa 10." Charmi akausoma, akadhani ni tangazo la kamari, akamrudishia simu. Zarna akafungua orodha ya kadi yake kwenye simu, akahesabu kwa kidole. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Kengele.

Alipita Kariakoo kama saa tisa, shali ya kijivu kichwani, mkoba mdogo wa kahawia kwapani. Hakusimama kwangu. Alipita mbio. Laiti angesimama akaniuliza, mimi ningemwambia.

Saa kumi alikuwa kwenye ngazi za Mtakatifu Yosefu. Mlinzi akamuuliza kama amepotea. Akasema anamsubiri mwenzake. Upepo wa bandarini ulikuwa unavuta shali, kontena zinagongana ng'ambo ya barabara, na kila mwanamume mwenye nguo ya bluu aliyetokea mbali alikuwa Pius mpaka akaribie. Kengele zikalia kweli. Hakuna aliyekuja. Saa kumi na moja na nusu akaketi kwenye ngazi, akavua kikuku, akakitia mkobani, maana kililia kila aliposogeza mguu. Saa kumi na mbili kasoro akarudi Mtaa wa Uhuru kwa miguu.

Wakati huohuo Pius alikuwa kituoni Gerezani, shati jeupe la pasi, viatu alivyoazima, tiketi mbili za mwendokasi kiganjani mpaka wino ukahamia kwenye ngozi. Mabasi ya Mbagala yalipita moja baada ya jingine. Alihesabu kumi na tisa. La ishirini akapanda peke yake.

Jumapili Zarna akaruka. Alisema hatauliza, hakuuliza. Pius alisema hatakwenda dukani, hakwenda. Watu wawili hodari wa kutimiza ahadi.

Zarna alirudi baada ya miezi minane, kwa arusi ya binamu. Alikuja kwangu kutafuta waya wa chaja. Sari ya zambarau, shanga nyeusi shingoni, mstari mwekundu wa ndoa kwenye njia ya nywele. Miguu yake haikulia. Pius naye alikuwa ameketi kwenye ndoo kwa da Hajira, anakunywa chai. Sikumpangia mtu. Pius alizoea kukaa pale, kama mbwa anayelala mahali palipowahi kuwa na jua.

"Za siku, Fundi."

"Nzuri. Hongera."

"Asante." Akachezea waya. "Leicester nimekuta duka la sahani za santuri. Nimeipata albamu yao ya mwisho, ile tuliyokuwa tukiitafuta."

"Ikoje?"

"Mbaya."

Wakacheka, na kicheko kikafa palepale, hakuna aliyejua akiweke wapi.

"Ningeisikiliza hivyohivyo," Pius akasema.

"Najua." Kisha, bila kumtazama: "Ungekuja tu kunieleza. Nilikungoja mpaka mlinzi akanionea huruma, akaniletea maji."

"Mlinzi gani? Kituoni hapakuwa na mlinzi."

"Kituo gani? Kanisani, Pius. Wimbo wa saba. Kengele."

Pius akaweka kikombe chini. "Kengele ni wimbo wa nne, Zarna. Saba ni filimbi. Tangu kaseti, saba ni filimbi."

Magari yalipiga honi, mtu akanadi soksi, jozi tatu buku mbili. Zarna akatoa simu, akatazama orodha yake muda mrefu. Akaanza kusoma mwanzo wa kila jina, herufi baada ya herufi, polepole kama mtoto wa chekechea. A. E. H. K. Akaacha njiani. Akaniinulia macho. Alinitazama tu, sijui kwa nini.

"Kwa hiyo hawakutani," alisema.

"Nilikuambia," Pius akajibu, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda ubishi.

Mbele ya gari lililokuwa likimngoja, Zarna aligeuka. "Mgeni nimwanzishie ipi? Mume wangu anauliza nasikiliza nini."

Pius akafikiri kweli. "Mnara wa Chumvi," akasema. "Usimpe ule mto."

Gari likaondoka. Hatukumwona tena.

Ndiyo bahati, ndugu msomaji. Ukiandikiwa kukosana, hata simu inakupangia nyimbo kwa alfabeti. Hapana wa kulaumiwa.

Hapo niliweka kalamu chini, nikamsomea da Hajira yote, kuanzia mwanzo, nikingoja anisifu. Alisikiliza akisukuma chapati. Nilipomaliza hakuinua kichwa.

"Rudi pale alipopita mbio."

"Wapi?"

"Anuari, usinifanye mtoto. Alisimama. Alisimama hapo ulipoweka hilo boksi, mkoba kwapani, jasho linamtoka. Nilimpa kigoda akakataa. Akakwambia, 'Kaka Anuari, hizi nyimbo ulizipanga kama zilivyokuwa? Pius husema kengele ziko katikati. Nihakikishie, leo ni muhimu.' Ile flashi ya kaka yake, yenye zile namba ulizofuta kwenye kadi, bado alikuwa nayo mkobani, akakupa kabisa uiangalie."

"Kulikuwa na wateja, da Hajira."

"Kulikuwa na mimi." Akageuza chapati. "Aliuliza mara mbili. Hukuichomeka. Haya, waandikie wasomaji wako ulimjibu nini."

Chapati ilikuwa inaungua upande mmoja, naye haigeuzi, ananingoja.

"Nilimwambia," nikasema, "hakuna mteja aliyewahi kunirudishia flashi."