Jiwe la Bibi Silvana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Epifania alifungua banda la kuku kwa kusukuma kando jiwe pana lililozuia mlango. Lilikuwa jiwe la kusagia la bibi yake, Silvana, aliyefariki wakati wa masika. Tangu mashine za kusaga za watu binafsi zienee Sumbawanga, hakuna aliyelihitaji tena. Epifania alilisukuma akijikaza asilie, maana alimkumbuka bibi mno.

Siku hiyo Mwalimu Alois alilipeleka darasa lao kwenye kijiji cha makumbusho, ambako wazee walionyesha jinsi Wafipa walivyoishi wakati wa Mjerumani. Njiani Epifania alijigamba kwa rafiki yake, Minza.

"Kusaga ulezi kwa jiwe? Bibi alinifundisha. Nasaga hata nikifumba macho!"

Lo, mdomo uliponza kichwa! Walipofika walimkuta mzee mmoja, Bibi Cornelia, amevaa kaniki na kupiga magoti nyuma ya jiwe, anasaga huku akiimba kwa Kifipa. Ulikuwa wimbo uleule wa Silvana.

"Shikamoo, bibi," wanafunzi walisema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Nani atanisaidia?"

"Epifania anajua!" Minza alipaza sauti.

Epifania akapiga magoti, akamwaga konzi nzima ya ulezi juu ya jiwe, akasukuma kijiwe cha mkononi kwa nguvu. Punje zikatawanyika mpaka miguuni kwa mwalimu. Wenzake wakaangua kicheko. Angeweza kulisingizia jiwe, lakini baada ya kuusikia wimbo ule hakuweza kusema uongo tena.

"Sijui, bibi," alisema huku akilia. "Niliwadanganya wenzangu. Bibi yangu aliniita kila jioni nijifunze, nikamjibu mashine ipo. Sasa natamani aniite hata mara moja tu."

Kicheko kikakoma. Bibi Cornelia akamfuta machozi kwa ncha ya kaniki, kisha akaweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto.

"Kidogo kidogo. Ulezi hautaki pupa."

Wakasukuma pamoja, na unga ukaanza kuangukia kwenye ungo.

"Bibi yako hatarudi, mjukuu wangu," alisema. "Ila anayekiri kwamba hajui, huyo ndiye anayefundishika. Mashine zitumieni, lakini wakubwa wakiwaita, itikeni wangali hai."

Jioni Epifania alitafuta gogo la kuzuia mlango wa banda. Akaliosha jiwe, akalipeleka jikoni, akapiga magoti nyuma yake. Aliimba wimbo wa bibi mpaka maneno yakampotea, ndipo akamwita mama yake amkumbushe. Mama akaitika.