Swali la Bibi Oleta

Siku za mechi, Raelynn Combs hakuhitaji kuamshwa. Shangazi Verna alipoingia jikoni Jumamosi ile asubuhi, alimkuta ameshavaa fulana yake ya kijani, ameshapanga sahani, na anazunguka meza kama paka aliyesikia harufu ya samaki.

"Hebu kaa chini, unanitia kizunguzungu," shangazi alisema huku akigeuza soseji kwenye kikaango. "Mpira unaanza saa nane. Hata hao wachezaji wenyewe bado wanakoroma."

"Shangazi, leo tunawafunga."

"Mwaka jana pia ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana nilikuwa mtoto."

Shangazi Verna akacheka mpaka akashika kiuno. Raelynn alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu azaliwe, Chuo cha Tolliver hakijawahi kuwafunga Marrow Creek katika mpira wa kikapu. Hata mara moja! Tolliver ndio chuo cha hapo mjini Laurel Gap, na rangi yao ni kijani. Marrow Creek wako ng'ambo ya mlima, nao ni wa bluu. Hao ni watani wa jadi kweli kweli. Nyumbani kwa Shangazi Verna hata mswaki wa bluu haukuingia.

Tatizo lilikuwa Dalton Sizemore. Dalton alikuwa jirani yao, kijana aliyekulia nyumba ya juu kidogo kwenye bonde lilelile. Ndiye aliyemfundisha Raelynn kurusha mpira, kwenye kikapu kilichopigiliwa misumari juu ya ukuta wa ghala la tumbaku. Lakini Tolliver hawakumpa nafasi, Marrow Creek wakajitolea kumlipia ada, naye akaenda. Sasa ndiye mchezaji wao hodari kuliko wote. Watu wa Laurel Gap walimwita msaliti. Raelynn yeye alitaka timu ya Dalton ifungwe, na Dalton mwenyewe acheze vizuri. Sijui hilo lingewezekanaje, lakini ndivyo moyo wake ulivyotaka.

Dalton alikuwa akimwita Raelynn Chiriku, kama yule ndege mpiga kelele, kwa sababu msichana alikuwa haishi kuongea. Ndiyo maana siku moja katika likizo ya Krismasi iliyopita, kabla hajasema lolote, alimtazama kwanza.

"Chiriku, nikikuambia kitu, utaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Wewe?"

"Kaka Dalton, naapa!"

Walikuwa wamekaa kwenye magogo nje ya ghala, pumzi zao zikitoka kama moshi kwa baridi. Dalton alizungusha mpira mikononi kwa muda mrefu. Kisha akamweleza. Jana yake alikwenda kumwona bibi yake, Bibi Oleta, katika nyumba ya kulelea wazee. Bibi huyo ndiye aliyemlea na ndiye aliyekitundika kikapu kile kwa mikono yake. Ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni akipiga kelele, "Kunja magoti, mwanangu!" kila Dalton alipotaka kurusha. Sasa maradhi ya kusahau yalikuwa yamemshika.

"Alinitazama usoni," Dalton alisema, "akaniuliza, 'Wewe mtoto wa nani?'"

Raelynn akamsogelea kwenye gogo.

"Kila ninapopewa mtupo huru, nikisimama peke yangu mstarini, najiambia maneno yake yale ya zamani, ya magoti. Lakini tangu jana, nikifumba macho nasikia swali lile tu. Usimwambie mtu, Chiriku. Sijamwambia hata kocha."

Raelynn aliapa tena, na siku hiyo aliapa kwa moyo wake wote.

Jumamosi ile ya mechi, saa nane ilipofika, ukumbi wa Tolliver ulikuwa umejaa pomoni. Raelynn na shangazi walikaa juu, mahali pao pa siku zote. Chini kabisa, nyuma ya kikapu kimoja, palikuwa na kona ya wanafunzi wa chuo. Wao hawakai. Hujipaka rangi ya kijani usoni, hupiga ngoma, na mchezaji wa wapinzani akienda kurusha mitupo huru upande wao, humpigia kelele za kila aina ili akose. Raelynn alitamani kona ile kuliko kitu chochote. Watoto hawakuruhusiwa.

Mpira ulikuwa mkali. Kila Tolliver walipopata, Marrow Creek walirudisha, na aliyerudisha mara nyingi ni Dalton. Akifanyiwa madhambi, anakwenda kwenye mstari, anainamisha kichwa, midomo inacheza kidogo, kisha anarusha. Mpira unaingia bila kugusa chuma. Wanafunzi walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Hakukosa hata mtupo mmoja.

Wakati wa mapumziko, Raelynn alipanga foleni ya bisi. Mbele yake alisimama Brody, kiongozi wa kona ya wanafunzi, uso mzima kijani.

"Yule Sizemore ana moyo wa jiwe," Brody alimwambia mwenzake. "Hasikii chochote."

"Hana moyo wa jiwe," Raelynn akadakia. "Mimi namjua. Ni jirani yetu."

Brody akageuka. "Acha uongo, wewe kitoto."

"Uongo? Yeye ndiye aliyenifundisha kurusha!"

"Eti! Kama kweli unamjua, tuambie kitu kimoja cha kumtoa mchezoni. Ukituambia, nakuweka mstari wa mbele kabisa, na rangi nakupaka mimi mwenyewe."

Raelynn akanyamaza. Lau angeendelea kunyamaza! Lakini Brody alikuwa akimtazama, na wanafunzi wengine watatu wakaanza kumtazama, nao walikuwa wakubwa, wa kijani, wenye ngoma. Akajiambia kwamba ni mchezo tu. Akajiambia kwamba Dalton hatajua. Akasema.

Alisema haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Brody aliguna, akawatazama wenzake, kisha akachovya kidole kwenye kikopo cha rangi na kumpaka Raelynn mashavuni.

Kipindi cha pili chote Raelynn alikuwa mstari wa mbele. Aliruka, akapiga makofi, akapiga ngoma. Kwa muda akasahau kabisa, kwa kuwa Dalton hakupata mtupo huru tena. Zikabaki sekunde chache. Tolliver walikuwa mbele kwa pointi moja. Moja tu! Ndipo Dalton alipouchukua mpira, akapenya katikati ya watu wawili, akaangushwa. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mitupo miwili, kwenye kikapu kilichokuwa mbele yao.

Dalton akaja kwenye mstari. Alikuwa karibu kiasi kwamba Raelynn aliliona jasho kwenye kidevu chake. Akainamisha kichwa.

Brody akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Kisha kona nzima ikapaza sauti kwa pamoja, taratibu, kama watu wa kwaya: "Wewe! Mtoto! Wa nani?"

Dalton akainua kichwa.

"Wewe! Mtoto! Wa nani?"

Hakuwatazama wale waliokuwa wakiimba. Macho yake yalipita mstari wa mbele polepole, uso kwa uso, mpaka yakamkuta Raelynn na mashavu yake ya kijani. Yakasimama hapo. Raelynn alitaka kujificha, lakini nyuma yake watu walikuwa wamebanana na hapakuwa na pa kwenda.

Mtupo wa kwanza uligonga chuma ukaruka nje. Wa pili haukukigusa kikapu kabisa.

Sekunde zilizobaki zikaisha, kengele ikalia. Tolliver walikuwa wameshinda! Ukumbi ulilipuka, watu wakamwagika uwanjani, wengine wakilia kwa furaha. Brody akamnyanyua Raelynn na kumweka mabegani. "Huyu ndiye aliyetuokoa!" akapiga kelele. "Huyu hapa!" Ile ndiyo siku aliyoiota maisha yake yote, na hapakuwa na shabiki wa kijani mwenye huzuni kuliko yeye katika ukumbi ule.

Akiwa juu ya mabega yale, aliona upande wa pili, walikokaa mashabiki wa bluu. Mama yake Dalton alikuwa amesimama, mikono imefunika mdomo. Pembeni yake, kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa skafu ya bluu shingoni, alikuwa Bibi Oleta. Walikuwa wamemleta aje amwone mjukuu wake. Bibi wa watu alikuwa anatabasamu. Alipenda zile kelele. Alikuwa anapiga makofi yake taratibu, na midomo yake ikifuatisha wimbo uleule wa wanafunzi: wewe, mtoto, wa nani.

"Nishushe!" Raelynn alipiga kelele. "Brody, nishushe! Bibi mwenyewe yule pale!"

"Bibi gani?"

"Bibi yake Dalton! Huyo aliyeuliza!"

Brody akatazama alikoonyeshwa. Kicheko kikafutika usoni mwake. Akamshusha msichana taratibu, na hakuimba tena siku ile.

Raelynn alipenya katikati ya watu mpaka kwenye ujia unaokwenda vyumba vya kubadilishia nguo. Mama yake Dalton alikuwa hapo na Bibi Oleta kwenye kiti chake, wakimngoja Dalton. Dalton alitoka ameshavaa koti, macho mekundu. Alipomwona Raelynn akasimama.

"Kaka Dalton, ni mimi. Ni mimi niliyewaambia. Nisamehe." Machozi na rangi vilikuwa vimechanganyika mpaka kidevuni. "Walisema wataniweka mbele. Sikujua kama Bibi yupo. Nisamehe."

"Hata kama asingekuwepo," Dalton alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nilikuambia wewe peke yako, Raelynn."

Raelynn. Hakumwita Chiriku. Tangu amjue, hakuwahi kumwita kwa jina lake halisi.

Bibi Oleta aliinua uso wake, akamvuta Raelynn mkono. "Umemwona yule kijana aliyekosa?" alimuuliza kwa upole. "Mtoto wa nani yule? Mwambieni akunje magoti. Hakukunja magoti kabisa, maskini."

Dalton aligeukia ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama yake akaenda akamshika, na Raelynn akabaki amesimama, mkono wake mkononi mwa bibi.

Ndani ya gari Shangazi Verna hakuwasha redio. Watu njia nzima walikuwa wakipiga honi za ushindi. Raelynn alimweleza yote, tangu magogo ya ghalani mpaka foleni ya bisi, wala hakujitetea.

"Kushangilia timu yako si kosa," shangazi alisema mwishowe. "Na kuwazomea wapinzani, huo ndio mchezo, kesho na wao watakuzomea. Lakini Dalton hakukupa neno lile ukawatangazie watu. Alikupa kwa sababu lilikuwa zito, akataka mtu wa kumsaidia kulibeba. Wewe ukaenda kumtwisha tena, mbele ya mji mzima."

Raelynn akalia kwa kwikwi. "Nifanye nini, shangazi?"

"Samahani umeshasema, na umesema ukweli bila kufichaficha. Hilo nimelipenda. Sasa fanya jambo jema ambalo hakuna atakayekupigia makofi. Na usimdai akusamehe. Akitaka, atakusamehe mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata, Tolliver walicheza tena nyumbani. Raelynn aliiacha fulana yake sandukuni akaenda nyumba ya wazee, akiwa na mkate wa mahindi aliouoka mwenyewe, ulioungua kidogo chini. Bibi Oleta alimuuliza ni mtoto wa nani. Akamjibu. Baada ya muda mfupi akamuuliza tena. Akamjibu tena, bila kuchoka. Kisha akamweleza habari za kijana mmoja anayeitwa Dalton, mjukuu wake, anayerusha mpira vizuri sana akikunja magoti. Bibi alisikiliza kama anasikia kwa mara ya kwanza. Ikawa hivyo kila Jumamosi mpaka theluji ikayeyuka, na kile kilichosemwa mle ndani Raelynn hakumsimulia mtu.

Siku moja mwezi Machi mlango ulifunguliwa, Dalton akaingia. Raelynn akaruka kitini na kuokota koti lake.

"Nilikuwa naondoka," alisema.

"Wauguzi wameniambia unakuja kila wiki." Dalton alikuwa bado ameshika kitasa. "Hata siku za mechi?"

Raelynn akaitikia kwa kichwa.

Dalton alivuta kiti kingine, akakaa upande wa pili wa bibi yake. "Kaa," akasema.

Akakaa. Bibi Oleta aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamnyooshea Raelynn kidole, akamgeukia Dalton.

"Huyu mtoto wa nani?"

Dalton alimtazama Raelynn. Nje dirishani maji ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa.

"Wa kwetu, Bibi," akasema. "Huyu ni Chiriku."