Uyoga Niliompelekea Mwende

Nina miaka hamsini na minane na naishi Kianda, Kibera. Jambo hili lilitokea miaka ya tisini, lakini hadi leo situlii... nikikaa nasimama, nikisimama nataka kutoka.

Nilizaliwa Bungoma. Mvua ikinyesha, mama alitupikia uyoga wa kwenye vichuguu, na siku hiyo hatukukumbuka nyama.

Rafiki yangu Mwende, mzaliwa wa Kitui, aliishi Kabiro, Kawangware. Tuliuza mitumba pamoja. Nilipojifungua Naliaka, yeye ndiye aliyenishika mkono.

Msimu mmoja wa mvua niliokota uyoga msituni, chini ya misonobari. Ulikuwa mweupe, umetokea kwenye kifuko kama ganda la yai. Wa nyumbani haukuwa na kifuko... Nilisita. Lakini nilikuwa nimemwahidi Mwende kumpelekea uyoga, nikaona haya kwenda mikono mitupu.

"Mama Naliaka, una uhakika na hii?" aliniuliza.

"Mimi nimekula uyoga kabla sijaota meno," nikamjibu.

Akaupika, akaula peke yake. Mimi nilisema nimeshiba. Kwa nini nilisema hivyo, kama sikuwa na shaka?

Kesho yake alitapika na kuhara mfululizo. Mumewe, Mutua, alikuwa kazini, kwa hivyo nilimpeleka kliniki mwenyewe. Daktari akauliza amekula nini. Mwende hakuwa na nguvu ya kujibu. Nikajibu mimi: ugali na sukuma wiki. Tukapewa dawa za tumbo, tukarudi.

Siku ya tatu akapata nafuu, hata akafua nguo. Nikamshukuru Mungu kwamba siri yangu imepita... Siku ya nne macho yake yakawa ya manjano. Nilikimbia kwa daktari nikamwambia ukweli. Akasema ini limeshaharibika.

Mwende alifariki Jumapili. Mutua aliniambia jambo moja tu: "Ungesema siku ile ya kwanza." Hajanisemesha tena.

Wenzangu, sisemi uyoga ni mbaya. Ndio unaoozesha majani yaliyoanguka yakawa mbolea, na umelisha watoto wengi kwetu. Lakini usiojulikana usiuguse, wala usidanganywe na wanaosema uyoga wa sumu hubadilisha rangi ya sufuria. Na mtu akishakula, taja ulichompa, hata kama unaona aibu. Uyoga ulimdhuru Mwende. Ule uongo wangu pale kliniki ndio uliomnyima nafasi ya kupona.