Fundi Hupanda na Ndege Yake

"Mgonjwa asivuke mto."

Fabian Lutego aliibana simu ya posta ya Kibaha kati ya sikio na bega. Nyuma yake watu wa foleni walikuwa wameanza kunung'unika.

"Anasafiri lini, shangazi?"

"Kesho. Saa nne asubuhi."

"Nimzuie vipi?"

"Ajali. Mkono wa mtu usionekane."

Laini ikakatika.

Bi Laurensia hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa Fabian, mwanamke mkavu aliyekaa katika ofisi isiyo na kibao huko Dar, na hakuwahi kumaliza simu kwa salamu. Mgonjwa alikuwa ndege, Piper Super Cub ya njano yenye viti viwili, iliyokuwa ikinyunyizia dawa mikorosho ya Masaki, Kisarawe. Mto ulikuwa Ruvuma. Na ng'ambo ya Ruvuma, mwaka huo wa 1973, alikaa Mreno na mabomu yake.

Rubani wa ndege hiyo alikuwa Mzungu mmoja mrefu. Wafanyakazi walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi kutwa nzima, hata akila. Ndani ya kopo la tumbaku, kwenye mfuko wa shati lake, mlikuwa na filamu ya Minox, kamera ndogo ya kijasusi. Alikuwa amepiga picha kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji iliyofichwa msituni. Kambi ile ilikuwa na watu mia nne, na nusu yao walikuwa watoto. Filamu ikifika ng'ambo, mabomu yangeshuka kabla ya wiki kwisha.

Kumkamata? Ah, lingekuwa jambo jepesi. Lakini meneja wa uwanja wa ndege wa pale, Salumu, alikuwa mshirika wake, na alikuwa na bosi wake Dar, mkubwa mwenye gari la serikali na bendera. Bi Laurensia alimtaka huyo mkubwa. Salumu akishtuka tu, mkubwa angetoweka siku hiyohiyo. Kwa hiyo Salumu alitakiwa aendelee kulala usingizi wake, aamini kwamba filamu imepotea kwa bahati mbaya.

Fabian akapanda Honda yake, akarudi Masaki.

Alikuwa na miezi miwili pale. Fundi msaidizi. Ufundi wa injini za ndege alikuwa ameusomea Yugoslavia, na kuua alisomea hukohuko. Ili apate ruhusa ya kwenda Kibaha kupiga simu, alikuwa amejitungia mke Misugusugu, jirani na Kibaha. Ruhusa zilipozidi, akamtungia mke mimba kubwa. Wiki iliyopita, alipohitaji siku mbili nzima, mke akajifungua mtoto wa kiume. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mzee Mbaraka.

Mzee Mbaraka Kondo alikuwa fundi mkuu. Mtu wa Gwata, mfupi, mikono imejaa makovu ya kuungua. Miaka ishirini na miwili alitengeneza ndege za kunyunyizia dawa, kwanza za Wazungu wa mashamba ya mkonge, kisha hizi. Hajawahi kupoteza injini hewani. Hata moja. Ukikaa naye dakika tano atakwambia, na mkewe Mwanahalima alisema kwamba hata posa yake ilianza na habari hiyo. Aliposikia Fabian amepata mtoto alimkumbatia, akamwita baba wa mtu, akampa kanga mbili mpya ampelekee mzazi.

Fabian alizichukua. Alimpenda mzee yule, na jambo hilo lilimkera, maana katika kazi yake mapenzi ni uzembe.

Uwanja ule ulikuwa na desturi moja, na mwenye kuileta alikuwa Mbaraka mwenyewe. Fundi akigusa mfumo wa mafuta, yeye ndiye anayekaa kiti cha nyuma ndege inaporuka mara ya kwanza. Wanazunguka dakika kumi, wanatua, fundi anashuka, rubani anakwenda zake. Mzee alisema fundi anayeogopa kazi yake mwenyewe akauze mihogo. Bwana Mluzi aliipenda sana desturi hiyo. Kesho yake, kabla ya safari ndefu, ndege ilikuwa isafishwe kabureta na kubadilishwa mpira wa mafuta.

Hapo ndipo Fabian alipoona mlango.

Jioni, chumbani kwake, alichukua mpira mpya wa mafuta, ule unaotoka kwenye chujio kuingia kwenye kabureta. Kwa nje ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa. Kwa wembe wa Nacet na koleo refu akapasua utando wa ndani, akaacha ulimi mwembamba ulioshika upande mmoja tu.

Akaujaribu kwa petroli, ndoo mbili na saa yake ya Seiko. Petroli ikipita taratibu, ulimi unalala. Petroli ikipita kwa kasi, ulimi unainuka, unaziba. Injini ingenguruma vizuri ardhini. Rubani akisukuma moto wote ili aruke, kabureta ingebaki na yale mafuta yaliyomo kwenye bakuli lake tu.

Sekunde arobaini.

Alirudia mara tatu. Arobaini, arobaini na mbili, arobaini.

Mpango ulikuwa safi. Mpira angefunga yeye, kwa hiyo angepanda yeye. Super Cub ina usukani wa pili kwa nyuma, na Yugoslavia walimfundisha kutua bila injini. Ng'ambo ya mikorosho kulikuwa na shamba la mihogo, pana, tambarare kiasi. Angeiangusha hapo, Bwana Mluzi angevunjika shingo kwa msaada kidogo, na kopo lingekuwa lake.

Asubuhi, saa tatu na nusu, Mbaraka alimaliza kusafisha kabureta. Alisugua kila tundu, akapima boya la ndani, akalifunga. Akanyoosha mkono, akauomba mpira.

Fabian alimpa.

Mzee aliukunja, akautazama kama una nyufa. Akaunusa. Kisha akaweka mdomo akaupuliza, kama alivyofanya miaka ishirini na miwili. Pumzi ya mzee ni pumzi ya mzee. Ulimi ukalala, hewa ikapita.

"Mzima huu," akasema, akaufunga mwenyewe, akakaza vibanio vyote viwili.

Fabian alikuwa ametarajia ukaguzi, si kufunga; lakini mpira wa zamani alikuwa ameufungua yeye, na hilo lilitosha kumpandisha. Mzee kukagua haikuwa shida. Alifunga kamba za buti, akahakikisha bastola yake ya Makarov imekaa vizuri ndani ya shati, akaelekea kwenye mlango wa ndege. Injini ilikuwa tayari inawaka. Bwana Mluzi alikaa mbele, miwani usoni, kopo mfukoni. Salumu meneja, kitambi mbele na mkono mfukoni, alisimama hatua mbili kutoka hapo.

Mbaraka akamshika Fabian begani.

"Wewe baki. Napanda mimi."

"Mzee, mpira wa zamani nimefungua mimi. Desturi ni yako mwenyewe."

"Nimekagua na kufunga mimi. Una kichanga ndani, hata arobaini hakijatimiza. Wanangu mimi wameshaota ndevu. Kaa chini, kijana."

Potelea mbali, mtoto asiyekuwepo.

Fabian alitazama mkono wa Salumu ndani ya mfuko. Akisema mpira ni mbovu, utabadilishwa, na ndege itavuka mto. Akisema hana mtoto, Salumu atataka kujua kitu kingine alichodanganya. Akimtolea bastola Bwana Mluzi hapohapo, mkubwa wa Dar atapanda ndege jioni. Alihesabu watu mia nne, kisha akamhesabu mmoja. Roho ilimuuma, ikamuuma sana, na uso wake haukuonyesha kitu.

"Haya, mzee," akasema.

Alimsaidia kupanda. Akamfunga mkanda, akaukaza mpaka mzee akalalamika kwamba anamkaba. Kisha akafunga mlango.

Bwana Mluzi akasukuma moto wote.

Fabian akatazama Seiko.

Kumi. Ndege inakimbia, vumbi linapanda.

Ishirini. Magurudumu yameachana na ardhi.

Thelathini. Iko juu ya mikorosho.

Thelathini na nane.

Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Salumu alisema kitu ambacho Fabian hakukisikia. Ndege ya njano iliinua pua, kosa ambalo hata mwanafunzi halifanyi, ikalala upande mmoja, ikapotea nyuma ya miti. Kishindo kilifuata.

Fabian alikuwa ameshaanza kukimbia. Salumu alirukia Land Rover, lakini njia ya gari ilizungukia korongo. Hiyo ilimpa Fabian dakika tatu, labda nne.

Ndege ilikuwa imejikunja katikati ya mihogo. Petroli ilichuruzika kutoka bawani. Mbaraka alikuwa hai. Fabian alikata mkanda, akamvuta mbali, akamlaza kifudifudi kama alivyotoka, kwa sababu mgongo ulikuwa umevunjika na kumgeuza kungemuua papo hapo. Mzee hakupiga kelele. Miguu haikusogea tena.

Akarudi kwa Bwana Mluzi. Naye alikuwa hai, amebanwa kifuani, midomo inatafuta maneno.

"Nitoe."

Fabian akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akachukua kopo.

Mzungu akaelewa. Macho yalimtoka. Alianza kutaja fedha, paundi, faranga. Fabian alirudi nyuma hatua sita, akawasha kiberiti, akakirusha. Alisubiri mpaka kelele zilipokwisha, na hazikuwa fupi.

Salumu alifika anahema, akakuta moto. Alijaribu kuukaribia, ukamrudisha. Akashika kichwa, akalitaja kopo mara mbili bila kujua kwamba anasikiwa. Kisha akatulia. Akamgeukia Fabian, na mara hii mkono ulitoka mfukoni na bastola.

"Ule mpira aliuleta nani?"

"Ulitoka stoo. Mpya."

"Nani aliukagua?"

Pale chini, shavu likiwa kwenye udongo, Mbaraka alifumbua macho. Hakuangalia bastola. Alimwangalia Fabian. Damu ilikuwa inamtoka puani, lakini alikuwa na swali lake, na lilikuwa hilohilo.

"Kijana," akasema, "injini ilikata mafuta. Niliisikia. Ilikuwa mikono yangu?"

Neno moja lilitosha. Hapana, mzee. Angekufa na miaka yake ishirini na miwili mizima. Bastola ya Salumu ilikuwa inasubiri neno hilohilo.

"Ulikagua wewe, fundi," Fabian alisema kwa sauti ya kawaida. "Uliupuliza, ukasema mzima. Vibanio ulikaza wewe. Nilikwambia nipande mimi."

Salumu alishusha bastola taratibu. Aliamini.

Mbaraka naye aliamini. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta spana aliyoiweka vibaya.

"Kweli," akasema. "Nilipuliza mimi."

Alilia. Alikufa analia, na haikuwa kwa maumivu ya mgongo.

Salumu akasonya, akamsukuma maiti kwa ncha ya kiatu, akarudi kwenye gari lake kwenda kutafuta simu ya kumpigia mkubwa wake. Simu ya mkubwa ilikuwa imewekewa masikio tayari, na mkubwa alikamatwa Jumatano, akiwa na pasipoti mbili na soksi moja.

Fabian alimpigia simu Bi Laurensia, Dar, kutoka Kisarawe mjini saa nane mchana.

"Mgonjwa?"

"Hakuvuka."

"Dawa?"

"Ninayo."

"Gazeti litauliza chanzo cha ajali."

Fabian akahamishia simu kwenye sikio la pili.

"Uzembe wa fundi," akasema. "Mbaraka Kondo, wa Gwata. Andikeni jina lote, ndipo wataamini."

Akaweka simu, akalipa, akapangusa udongo wa mihogo kwenye magoti, akatembea kwenda stendi bila haraka.

Gazeti lilifika Gwata siku ya tatu ya matanga. Mwanahalima hakujua kusoma. Jirani alimsomea kwa sauti, mbele ya watu wote, mpaka mwisho. Saa hiyo Fabian alikuwa ndani ya treni ya Kigoma, kwa jina jingine, amelala.