Bomba Linachomekewa Kama Shati

Mshonaji alikuwa anapinda ukingo wa shela la bi harusi. Mara tone jeusi likalia tsss juu ya jiko. La pili likaruka, likatua kwenye kitambaa cheupe.

"Baba watoto!" akaita. "Njoo uone, jiko lako linatema mate!"

Mumewe akaja mbio. Jiko hilo la kuni alilifunga mwenyewe Jumamosi. Alilisukuma ndani ya meko ya zamani ya ukutani. Akashusha bomba jipya kupitia dohani ya kutolea moshi, akaifunika nalo shingo ya jiko kama kofia. Tangu siku hiyo mkewe alimwita Injinia.

"Ni mvua tu hiyo," alisema.

"Mvua gani nyeusi, tena inanuka moshi?"

Mama mkwe alikuwa kitini, kajifunga kitambaa kichwani. "Mimi kichwa kinanigonga tangu asubuhi," alisema. "Nikitoka uani, kinatulia."

Mshonaji akashtuka. Mtoto wao mchanga alikuwa amelala karibu na jiko. Alikuwa amelegea mno. Akambeba, akamshika mama mkwe mkono, wakatoka wote. Injinia akafungua madirisha, akaacha moto ufe.

Wakaenda zahanati. Njiani mtoto alilia kwa sauti kubwa, na mama yake hakuwahi kufurahia kilio kama siku hiyo. Walipimwa, wakaambiwa wako salama. Lakini jiko lisiwashwe mpaka litengenezwe.

Jioni alikuja jirani yao, fundi bati, mama wa maneno mengi. Alibeba vipande viwili vya bomba, ndoo na kikombe cha maji.

"Injinia, shika hapa." Akavisha bomba la juu nje ya lile la chini, akamimina maji. Yakavuja kwenye kiungo, yakalowesha suruali ya Injinia. Mama mkwe akacheka hadi akasahau kichwa.

"Sasa la juu liingie ndani ya la chini." Akamimina tena. Maji yote yakaishia ndooni.

"Lakini mama, moshi si unapanda?" Injinia akamuuliza fundi bati.

"Unapanda, mwanangu. Ukikuta baridi huko juu, unaacha maji meusi, nayo yanashuka. Yakishukia ndani, jiko linayachoma. Na palipovuja maji, moshi nao unatoka, pamoja na hewa ya sumu isiyo na harufu. Hiyo inaua watu usingizini."

Mshonaji akamkumbatia mtoto wake.

"Kumbe bomba linachomekewa," mshonaji akasema, "kama shati!"

"Umesema! Na mumeo aliliacha nje kama mtu katoka kilabuni."

Injinia akafanya kazi, fundi bati akisimamia. Alichomekea bomba kwenye shingo ya jiko. Akakaza skrubu tatu. Akaziba kiungo kwa udongo usiopasuka kwa moto. Juu ya dohani, pengo lililozunguka bomba akalifunika kwa bati. Ukutani akatundika kengele inayolia hewa ya sumu ikitokea.

"Na kila mwaka, kabla ya baridi, safisheni masizi," fundi bati aliwaagiza.

Wiki iliyofuata bi harusi alifuata shela lake. Chumba kilikuwa na joto zuri. Mtoto alikuwa akirusha miguu mapajani mwa bibi yake.

"Ua hili zuri!" bi harusi alisema, akigusa ua lililodariziwa ukingoni, pale lilipotua tone jeusi. "Mbona sikuliagiza?"

"Hiyo ni zawadi ya Injinia," mshonaji akajibu.

Injinia akainama haraka kuongeza kuni. Siku hizo shati lake lilikuwa limechomekewa vizuri kabisa.