Jembe la Fausta na Moto wa Jikoni

Fausta na mumewe Cleopa walikuwa wakilima vitunguu katika kijiji cha Malolo. Mwaka mmoja serikali iliruhusu biashara huria, na bidhaa za nje zikaingia kwa wingi. Maduka ya Mikumi yalijaa majembe ya kila aina. Cleopa alichagua moja linalong'aa.

Baada ya wiki mpini ulivunjika, kipande kikabaki ndani ya tundu. Fausta alitia jembe motoni hadi kipande kikaungua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Akatia mpini mpya.

Tangu hapo makali yakawa yanajikunja. Aliyanoa asubuhi, kufika saa nne yalikuwa butu. Zamu yao ya maji ya mfereji ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na nusu ya shamba ilikuwa haijalimwa. Wangekosa zamu, miche ingeharibika kitaluni. Fausta aliogopa sana.

"Ndiyo soko huria hili!" Cleopa alifoka. "Wanatuuzia makopo!"

Jirani yao, mzee Onesphory, aliwahi kuwa mhunzi katika karakana ya reli Kilosa. Alisikia kelele, akaja na jembe lake na tupa ya kunolea.

"Shikamoo, mzee," Fausta alisema.

"Marahaba, mama. Jembe langu ni la duka lilelile mlikonunua lenu. Tazameni."

Alipitisha tupa kwenye jembe lake. Tupa iliteleza. Akaipitisha kwenye la Fausta. Tupa iliuma, unga wa chuma ukadondoka.

"Lenu limelainika. Kipande cha mpini mlikitoaje?"

"Kwa moto," Fausta alijibu taratibu.

"Basi duka halina kosa. Kiwandani chuma hupashwa moto, kisha hupozwa ghafla. Hapo hupata ugumu. Ukikichoma jikoni na kukiacha kipoe polepole, ugumu hutoka. Chuma laini huisha upesi."

"Sasa siku nyingine kipande cha mpini kikikwama tukitoeje?" Fausta aliuliza.

"Anika jembe juani. Mti ukikauka husinyaa. Kisha ugonge kwa nondo, upande ambao tundu ni dogo."

"Na hili je?" Cleopa aliuliza, sauti imeshuka.

"Nipeni nilirudishie ugumu. Msijaribu wenyewe. Likipozwa vibaya hupasuka."

Jioni alilileta. Jumanne na Jumatano walilima wakipokezana. Makali hayakujikunja.

Alhamisi alfajiri maji yaliingia jaruba la kwanza hadi la mwisho. Majaruba yote yalikuwa tayari. Fausta alicheka peke yake.

"Mke wangu," Cleopa alisema, "kumbe tulilaumu duka, na sisi ndio tulioharibu jembe."

"Panda, bwana. Maji hayangoji radhi."