Maharage ya Mama Mfano

Ghala la ushirika lilikuwa tupu. Magunia yote ya maharage ya mbegu yalikuwa yametoweka, na kufuli lililokatwa kwa msumeno lilikuwa limelala kizingitini.

"Kimebaki nini?" Inspekta aliuliza.

"Hewa tu, afande," konstebo alijibu.

Inspekta hakucheka. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na kijiji kizima kilitegemea mbegu ile. Wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa wameileta pamoja na magunia yasiyopitisha hewa: ukifunga mdomo wa gunia barabara, mdudu fukusi aliyemo ndani hukosa pumzi akafa, bila dawa yoyote. Wakulima waliipanda, wakavuna, wakaweka mbegu ya msimu ujao kwenye ghala hilohilo.

Afisa wa mradi huo wa wafadhili alipiga simu kituoni asubuhi ileile. Wageni wanakuja wiki hiyo, alisema, mwizi apatikane. Inspekta akafanya kama wafanyavyo watu wenye haraka: akamweka ndani mlinzi wa ghala. Mlinzi alisema alilala, hakuona kitu. Konstebo akamfungia mlango na kumhoji kwa ngumi. Inspekta, chumba cha pili, alisikia kila kitu, akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake alipompelekea maji mahabusu, akaona jicho la yule mtu limevimba mpaka limeziba. Aliona haya hata kumsalimu. Akarudi ghalani kutafuta alichopaswa kukitafuta tangu mwanzo.

Alipiga magoti mlangoni. Nje ya kizingiti palikuwa safi. Ndani, chembechembe za chuma zilimetameta sakafuni. Kufuli lilikatiwa ndani ya ghala, baada ya mlango kufunguliwa kwa ufunguo. Halafu akaona pembeni unga laini wa kijivu, na fukusi wakipanda ukutani bila wasiwasi.

"Konstebo, si tuliambiwa magunia yale yanaua wadudu?"

"Yanaua, afande."

"Basi hawa wamekula nini wakanenepa hivi?"

Aliagiza aitwe mtunza ghala, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Mfano, kwa sababu mradi ulimchagua kuwa mkulima wa mfano. Picha yake ilikuwa kwenye bango kubwa barabarani, anacheka, viganja vimejaa maharage.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu."

"Kufuli limekatiwa ndani, mama. Chembe za chuma zote ziko ndani."

"Labda upepo umezisukuma."

"Upepo gani huo unaochagua upande?"

Macho ya Mama Mfano yalikimbilia nyuma ya ghala, kwenye shimo la mboji alilokuwa akifundishia wenzake, kisha yakarudi upesi. Inspekta aliyaona yakienda na yakirudi.

Nyasi zilizofunika shimo zilikuwa mbichi, zimekatwa karibuni. Konstebo alichimba kidogo tu, jembe likaibuka na maharage. Yalikuwa yamebunguliwa yote, matundu matupu, mengine yakibonyezwa yanageuka vumbi. Harufu ya uvundo iliwafanya warudi nyuma.

Kituoni, Mama Mfano aliketi na mtandio umemfika machoni.

"Mficha uchi hazai, mama. Sema."

"Hakuna mwizi. Nimeyafukia mimi."

"Yaliliwa vipi na fukusi?"

"Nilifungua magunia."

"Si mlifundishwa yasifunguliwe mpaka msimu?"

"Nimewafundisha wengine mimi mwenyewe, mwanangu! Kwa mdomo wangu huu!" Akafuta pua. "Lakini kila wageni wakija wanataka kuona. Fungua mama, chota mama, cheka mama, tupige picha. Mtu amekuletea gunia kutoka kwao, utamwambia asichungulie? Nilifungua moja, wakaomba na jingine. Wakiondoka nafunga, hewa imeshaingia. Siku nilipotia mkono nikatoa unga, nilitaka ardhi inimeze."

"Ungewaambia wanachama."

"Kwa uso upi? Uso wangu uko barabarani! Wangesema huyu ndiye wa mfano? Nikaona heri waseme tumeibiwa. Aliyeibiwa hupewa pole."

"Na mlinzi?"

"Nilijua mtamuuliza maswali, basi. Sikujua polisi mnapiga watu."

Inspekta alitazama kalamu yake. Konstebo, aliyekuwa akiandika maelezo, aliacha kuandika.

Mlinzi akaletwa. Alipoliona lile jicho, Mama Mfano alitoa sauti ndogo, kisha akageukia ukuta.

"Uko huru," Inspekta alisema. "Mama huyu amekiri. Atashtakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo."

Mlinzi hakushangaa. Alibaki amesimama, mikono ikining'inia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilimwona akibeba magunia, afande."

"Ukasema ulilala? Umepigwa vile na ulikuwa unajua?"

"Ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka. Kaka alipofariki ndiye aliyenilisha. Nimchongee kwa watu?" Akamtazama konstebo. "Na kwa jinsi mlivyouliza, hamkutaka jibu. Mlitaka mtu."

Inspekta alitafuta neno la samahani. Lilikuwepo, lakini hakuthubutu kulitamka mbele ya konstebo. Alichoweza kusema ni hiki:

"Nenda nyumbani ukapumzike. Jicho likandwe."

"Nyumbani wapi?" mlinzi aliuliza polepole, bila hasira. "Mimi naishi kwa shemeji. Wenye mbegu wakisikia, watakuja pale pale mlangoni. Afadhali ungenirudisha ndani, afande."

Inspekta akamsogezea kiti chake mwenyewe, na mlinzi akakataa kukikalia.